Bunduki ya Baba Tuibadilishe kwa Nini?

Maneno ya wazee waliokuwa wawindaji, yaliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi na wageni katika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Gisenyi



Mwaka huu kamati imetupa sisi, wazee tuliokuwa wawindaji huko nyumbani, nafasi ya kusema mbele yenu. Wengine walipopata habari walicheka. Walisema, mwindaji ana neno gani katika kambi ambamo hata panga la kupasulia kuni linaulizwa limetoka wapi? Hatukukasirika. Tuliomba nafasi hii kwa sababu ya jambo lililotupata miezi michache iliyopita, na tunadhani linawahusu wengi zaidi yetu sisi.

Mmoja wetu alipigiwa simu. Aliyepiga ni mtu wa kilima chetu huko Masisi, wanafahamiana tangu utoto. Akamwambia: "Mzee, ile bunduki ya kuwinda ya marehemu baba yako, tunajua uliifukia kabla ya kukimbia. Tuambie tu ni wapi. Pesa tunakutumia kwa simu leo hii." Bei aliyotaja ilikuwa bei ya mbuzi wanne. Na siku hiyo mzee mwenzetu alikuwa na mjukuu aliyefaulu kwenda sekondari ya kulala, naye hakuwa hata na pesa ya godoro.

Hakujibu. Alikuja kwetu usiku, akakaa juu ya dumu, akauliza: "Wenzangu, niuze au nisiuze?"

Maneno yetu ya leo ni jibu tulilompa, pamoja na sababu zake.

BUNDUKI ILE ILIKUWA NINI KWETU

Vijana wetu wengi hawajapata kuona bunduki ya kuwinda. Waliyoiona ni ile ya vita. Kwa hiyo tuwaeleze kidogo. Huko Masisi, Rutshuru na Walikale tulikuwa na aina mbili. Ya kwanza ni gobore, kazi ya mhunzi wa kijiji: unashindilia baruti mdomoni, unatia vipande vya chuma, unapiga mara moja, kisha unaanza upya. Ya pili ni kaliba 12, ile ya risasi za chembechembe, ambayo baba zetu waliipata wakati wa Wabelgiji au baadaye wakati wa Zaire, wengine kwa kuwafanyia kazi wenye mashamba ya kahawa, chai na kwinini. Mwenye kaliba 12 alikuwa na kibali chake, amekikunja ndani ya plastiki na kukilaza chini ya godoro.

Bunduki hiyo ilifukuza nguruwe pori kwenye mihogo na nyani kwenye mahindi. Ilileta nyama siku ya harusi na siku ya matanga. Mwenye bunduki alipewa kiti barazani hata kama nyumba yake ilivuja. Tunasema haya bila kujisifu, maana upande wa pili nao upo. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ilikuwa jirani yetu, na wako kati yetu waliingia humo usiku bila ruhusa ya mtu. Wanyama walipungua tukiona kwa macho yetu. Baba alitoka alfajiri akarudi kabla ya jua kali na swala begani. Mwanawe alilala porini siku mbili akarudi na viatu vilivyochanika. Kabla hata vita havijafika, bunduki ilikuwa imeanza kuwa mzigo nyumbani. Nyama haileti, na risasi zake ni ghali.

Hapo ndipo wengi wetu walipoanza kusema: tuiuze hii, tujaribu kitu kingine. Wazo hilo lilikuwa jema. Tulikosea katika namna ya kulitekeleza.

MBUZI SITA

Mmoja wetu, ambaye ametupa ruhusa ya kulisimulia hili ila si jina lake, aliuza kaliba 12 ya baba yake mwanzoni mwa mwaka 1993. Kitako cha bunduki ile kilikuwa kimepasuka, naye alikuwa amekifunga kwa waya wa shaba, mizunguko mingi, kazi safi. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa kupita. Alitoa mbuzi sita. Mwenzetu alifurahi sana. Alijenga zizi, akaanza kuuza mbolea na ndama za mbuzi, akawa anasema kwamba kuwinda ni kazi ya wajinga.

Mwaka huo huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawaka Walikale na Masisi. Mnakumbuka, wazee. Watu walipigana kwa mikuki, kwa mapanga, na kwa bunduki hizo hizo za kuwinda, kwa sababu wakati ule silaha za vita zilikuwa bado chache vijijini. Usiku mmoja vijana walifika kwenye zizi la mwenzetu. Mmoja wao alishika bunduki, na mwanga wa taa ulipoipiga, mwenzetu aliona waya wa shaba. Walichukua mbuzi wote, wale sita na watoto wao. Jirani aliyepiga kelele alipigwa risasi ya mguu, akachechemea mpaka alipokufa.

Mwenzetu anasema hivi: "Mbuzi walikwenda, sawa, mbuzi ni mali. Lakini kila nilipokutana na jirani yangu njiani nilitazama chini. Ule mguu niliuuza mimi."

Ndugu zetu, hilo ndilo tulilojifunza kwa gharama kubwa. Bunduki ukiiuza bado ni nzima. Imehama nyumba tu. Haijui kwamba wewe umeacha kuwinda, na haijui tena nyumbani kwako ni wapi.

MAHALI HAPA TULIPO

Tunayasema haya tukiwa Gisenyi, na mji huu unajua habari za silaha zinazohama. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka hapa kwenda Goma kwa siku chache. Pamoja nao walivuka askari walioshindwa na wanamgambo. Kwenye mpaka bunduki zilirundikwa kama kuni. Lakini si zote zilibaki kwenye rundo. Nyingine zilipita, nyingine ziliuzwa, na silaha zikaingia kwenye makambi ya Mugunga, Kibumba na Katale. Kambi yenye bunduki ndani yake haiwi tena kambi ya wakimbizi. Wakimbizi wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kutishwa nazo.

Na hapa juu, Mudende, katika wilaya hii ya Rubavu, kulikuwa na kambi ya ndugu zetu Wakongomani. Mwaka 1997 ilishambuliwa mara mbili na watu wenye silaha, mwezi wa Agosti na tena mwezi wa Desemba. Mara ya kwanza waliuawa zaidi ya watu mia moja, na mara ya pili wengi zaidi. Walionusurika walipelekwa Gihembe, Byumba, mbali na mpaka, wakakaa huko mpaka kambi ile ilipofungwa mwaka 2021 na watu kuhamishiwa Mahama. Wako kati yetu wenye ndugu waliozikwa Mudende. Tunawakumbuka leo.

Tena tusiseme hayo ni ya zamani. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, risasi na mabomu vilivuka mpaka vikaua watu hapa hapa Rubavu. Risasi haina kitambulisho cha taifa. Tukumbuke pia kwamba mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, wa mwaka 1969, ulianza kutumika tarehe kama ya leo, 20 Juni, mwaka 1974. Unamlinda mkimbizi, lakini pia unamkataza kuishambulia nchi yoyote mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Simu haikutajwa kwa sababu haikuwepo mifukoni mwa watu. Sisi tunaona kwamba mtu aliyekaa kambini akaelekeza kwa simu mahali bunduki ilipofukiwa, amevunja maana ya mkataba ule, hata kama mikono yake ni safi.

WENZETU WALIOBADILISHA

Sasa, mtu atatuuliza: mnasema tusiuze, basi tufanye nini? Mkono mtupu haulambwi. Ni kweli. Ndiyo maana tuliwauliza watoto wetu waliosoma, na baadhi ya watumishi wa mashirika, watusaidie kutafuta habari za watu wengine wa Afrika waliobadilisha bunduki kwa kitu kingine. Tulipata habari za sehemu tano, tena si zote zina mwisho mzuri.

Ya kwanza ni Msumbiji. Vita vyao vilikwisha mwaka 1992 kwa mapatano ya Roma. Bunduki zilibaki kila mahali, chini ya miembe na ndani ya visima vikavu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kazi ya kubadilisha silaha kuwa majembe. Aliyeleta bunduki hakupewa pesa. Alipewa cherehani, baiskeli, jembe, mifuko ya saruji au mabati. Kijiji kimoja kilikusanya silaha zake pamoja kikapewa trekta. Na bunduki zenyewe zilikatwa vipande vipande. Mafundi wa sanaa wakavichukua vile vipande wakaunda sanamu na viti. Kimoja cha viti hivyo, kazi ya msanii anayeitwa Kester, kipo leo katika jumba la makumbusho la British Museum huko London. Bunduki ikawa kiti cha kukalia.

Ya pili ni ya nyumbani kwetu Kongo. Huko Katanga, miaka ya 2000, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC waliwapa Mai-Mai baiskeli kwa bunduki. Anayejua barabara za Katanga anajua kwamba baiskeli pale ni lori. Inabeba mahindi, inabeba mgonjwa, inabeba samaki kutoka ziwani. Mtu aliweza kutoa bunduki jioni, na asubuhi ana kazi.

Ya tatu ni Karamoja, Uganda, na hii tunawaomba watumishi wa mashirika waisikilize vizuri. Mwezi wa Desemba 2001 serikali ilianza kuwaambia wafugaji walete bunduki, nao watapewa majembe ya kukokotwa na ng'ombe, pamoja na mabati. Kwa miezi michache zililetwa bunduki zinazokaribia elfu kumi. Lakini wengi waliopeleka hawakupata vyote walivyoahidiwa. Vibaya zaidi, waliotoa bunduki walibaki wazi, na majirani ambao hawakutoa wakaja kuwaibia ng'ombe. Watu wakatafuta bunduki nyingine. Zoezi lililofuata likaja kwa nguvu, na watu wakaumia. Wahenga walisema ahadi ni deni. Huko Karamoja wanyonge ndio waliolilipa.

Ya nne ni Zambia, katika bonde la Luangwa, kwa wawindaji kama sisi. Tangu mwaka 2003 kuna mpango unaoitwa COMACO. Wawindaji haramu wanaleta magobore yao na nyaya za mitego, na wanafundishwa kulima vizuri, kufuga nyuki, kupanda karanga na mpunga. Mpango wenyewe unanunua mazao yao kwa bei nzuri na kuyasindika, ila kwa masharti kwamba wasirudi porini kuua. Zimekwisha kuletwa bunduki zaidi ya elfu moja kwa hiari, na mitego makumi ya maelfu. Kiswahili chetu kina mzaha wake: mzinga ni wa vita, na mzinga ni wa nyuki. Wale wa Luangwa wamechagua wa pili.

Ya tano iko karibu, mtu anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Ni Kinigi, wilaya ya Musanze, chini ya milima ya volkano. Huko watu waliwinda kwa mitego, mikuki na mbwa katika msitu wa sokwe. Edwin Sabuhoro, aliyekuwa mtumishi wa hifadhi, alijifanya mnunuzi ili kuokoa mtoto wa sokwe aliyeibwa, na wawindaji wakakamatwa. Baadaye akaenda kuwauliza kwa nini wanafanya hivyo. Jibu lilikuwa moja: njaa. Akatumia akiba yake kuwakodishia mashamba na kuwanunulia mbegu. Kisha kikazaliwa kijiji cha utamaduni cha Iby'iwacu, ambako waliokuwa wawindaji wanawaonyesha wageni ngoma, uhunzi na dawa za miti, nao wanalipwa. Serikali ya Rwanda nayo tangu mwaka 2005 iliamua sehemu ya mapato ya hifadhi iende kwa wanavijiji wa jirani: kwanza asilimia 5, na tangu mwaka 2017 asilimia 10. Mtu anayepata faida kwa sokwe aliye hai haoni sababu ya kumtega.

MAMBO MATATU

Tukikusanya habari hizo zote pamoja na ile ya mbuzi sita, tunaona mambo matatu.

Jambo la kwanza: bunduki ife. Ikatwe, iyeyushwe, mwenyewe akiona kwa macho yake. Hata serikali zetu zimeliona hilo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Rwanda na Kongo zote ziliitia sahihi, inazitaka nchi zitie alama silaha zao na kuharibu zile zinazokamatwa. Wasiofanya hivyo wanahamisha tu kilio kutoka kilima hiki kwenda kile.

Jambo la pili: kinachotolewa badala yake kiwe kazi, na kazi hiyo mtu awe ameifahamu. Ukimpa mwindaji cherehani bila kumfundisha kushona, ataiuza cherehani, na pesa ile inaweza kununua bunduki nyingine. Pesa taslimu hailei mtoto kwa muda mrefu.

Jambo la tatu: jirani naye atoe. Mwanaume mwenye watoto hatatoa bunduki wakati jirani yake anaisafisha ya kwake. Hapa tunasema na wakubwa: msianze na mnyonge kwa sababu tu ni rahisi kumfikia.

Na tunaongeza neno kwa wageni wetu. Mipango ya kukusanya silaha mara nyingi humtazama mpiganaji. Ana kikosi, ana kamanda, ana orodha. Mzee mwenye gobore juu ya dari hamuonekani. Lakini vita vyetu vya 1993 vilianza na vitu vyake. Siku amani itakapozungumzwa kweli huko kwetu, msimsahau.

CHUKUDU

Labda mnasema, wazee hawa wanasimulia habari za Zambia na Msumbiji, ni nani hapa aliyefanya? Yupo mmoja. Ameketi nasi hapa mbele, ametukataza kumsimamisha.

Alikuwa na gobore la babu yake huko Kibumba. Baada ya kusikia habari ya mbuzi sita, alikataa kuliuza. Alilipeleka kwa mhunzi, akamwambia: likate. Mhunzi alilikata bomba vipande vitatu mbele yake. Kitako alikitia jikoni, mke wake akapikia maharagwe. Mhunzi hakumlipa pesa. Alimlipa kwa kumfulia vyuma vya chukudu, na fundi seremala akamchongea mwili wake kwa mti wa mkaratusi. Wale ambao hawatoki Kivu, na tunawaona watumishi wapya hapa, chukudu ni baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea mizigo. Katika mji wa Goma imesimamishwa sanamu yake, kwa jinsi ilivyolisha watu.

Kwa chukudu hiyo mzee huyu alishusha kabichi, viazi na makaa kutoka Kibumba mpaka Goma, siku nenda siku rudi. Watoto watano walikula hapo, wawili wakamaliza shule ya msingi. Na mwezi wa Novemba 2012, vita vilipofika Kibumba, mke wake alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Alimlaza juu ya chukudu, akamfunika kwa kitenge, akaisukuma mpaka mpaka wa Kabuhanga, akavuka. Wakapokelewa, wakapelekwa kituo cha Nkamira, na mama huyo akatibiwa. Yupo hai, amekaa pale na wenzake.

Sisi tunauliza swali dogo tu. Kama angekuwa bado na lile gobore, lingemvusha mpaka? Lingembeba mama?

JIBU TULILOMPA

Tunarudi kwa mzee wa simu. Tulimwambia: usiuze. Usimwambie mtu mahali ilipo, wala mwanao. Siku itakapokuja mamlaka ya amani inayokata bunduki hadharani, ukiwa hai utakwenda mwenyewe kuifukua, na sisi tuliobaki tutakusindikiza. Mpaka siku hiyo, iache iliwe na kutu.

Lakini maneno matupu hayanunui godoro. Tungemwambia hivyo na kumwacha, baada ya wiki moja njaa ingemjibu badala yetu. Kwa hiyo akina mama wa likelemba yetu, au ikimina kama wenyeji wetu Wanyarwanda wanavyosema, walikaa siku iliyofuata. Walimpa zamu ya mwezi ule, ingawa haikuwa yake. Aliyekuwa na zamu, mama mjane, alisema: "Mimi nitasubiri. Godoro la mtoto ni bora kuliko bunduki iliyo njiani." Kijana yupo shuleni. Mzee amekwisha kulipa sehemu tatu, imebaki moja.

Hapo sisi wazee tuliona haya kidogo. Tulikuwa tumekaa usiku kucha tukipanga maneno, na akina mama walimaliza jambo lenyewe kabla ya jua kuwa kali.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti, sisi waliokuwa wawindaji tunaweka mbele ya mkutano huu ahadi moja na maombi mawili.

Ahadi yetu: hakuna hata mmoja wetu atakayeuza, kukodisha wala kuelekeza kwa simu silaha yoyote iliyoachwa nyumbani, iwe ya vita au ya kuwinda. Atakayepigiwa simu kama ile aje kwa wazee au kwa kamati, mchana au usiku. Hatutamuuliza kwa nini alitaka kuuza. Tutamuuliza anahitaji nini.

Ombi la kwanza ni kwenu vijana. Mnaambiwa na watu fulani kwamba mwanaume ni bunduki. Sisi tumezishika, tena kwa kazi halali. Tunawaambia kwamba hata ile iliyoleta nyama ilituletea aibu mwishoni. Jifunzeni useremala, ushonaji, kunyoa, kutengeneza simu, kufuga nyuki, chochote ambacho siku ya kurudi kitavuka mpaka bila kupekuliwa.

Ombi la pili ni kwenu, wageni wetu wa mashirika na wa serikali. Tunawashukuru kwa shitingi, kwa maji, kwa posho, kwa dawa. Tunajua fedha zimepungua duniani. Lakini mkipanga kupunguza, msianze na mafunzo ya kazi. Mtu akirudi nyumbani na ufundi mkononi, hatakuwa na haja ya kuuliza ilifukiwa wapi.

 Mungu awape pumziko wale wa Mudende na wote waliopotea njiani, na atujalie kurudi kwetu kwa amani, sote, mikono ikiwa na kazi.